Meza ya mninga iliyorudishwa: uchambuzi wa kisa cha msasa ulioruka hatua

Mazingira ya kisa

Karakana inayohusika iko Dodoma mjini, kando ya barabara ya vumbi, chini ya paa la mabati lililo wazi upande mmoja. Ina mafundi watatu na vijana wawili wanaojifunza kazi. Majina, mtaa na tarehe vimeondolewa. Vipimo, namba za msasa na mfuatano wa kazi vimeachwa kama vilivyokuwa, maana ndimo lilimo jambo lenyewe.

Mteja, mama mmoja mwenye nyumba yake pembezoni mwa mji, aliagiza meza ya kulia na viti sita vya mninga. Uso wa meza ulikuwa sentimita 180 kwa 90, unene sentimita 3, umeungwa kwa mbao tano. Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumamosi, kwa sababu jioni ya siku hiyo nyumba ingepokea wageni wa posa. Ulikuwa mwezi wa tisa: kiangazi kimekolea, hewa kavu, na upepo wa mchana unaobeba vumbi hadi ndani ya karakana.

Mninga ni mbao tulivu. Ukishakauka vizuri haupindi wala haupasuki ovyo, ndiyo maana watu huulipia. Lakini nyuzi zake mara nyingi hupishana: mstari mmoja umelalia huku, wa pili umelalia kule. Randa ikienda upande mmoja inalainisha mstari huu na kunyofoa ule wa jirani, kwa hiyo usawa wa mwisho wa mninga hutegemea msasa kuliko mbao nyingine nyingi. Kwa kawaida mninga hauhitaji kupakwa rangi kabisa, na kuufunika ni kupoteza nusu ya uzuri wake. Hapa steini, yaani rangi inayozama ndani ya mbao, ilihitajika kwa sababu mbao mbili kati ya tano zilikuwa na ule weupe wa nje ya gogo, na mteja alitaka uso wote uwe kahawia iliyoiva. Ilichaguliwa steini ya kuchanganywa na maji, kisha sila ya kuziba vitundu vya mbao, kisha vanishi.

Kilichotokea

*Jumatatu na Jumanne.* Mbao zilirandwa kwa jirani mwenye mashine. Kisu cha mashine kilikuwa na pengo dogo, hivyo kila ubao ulitoka na mstari mwembamba uliosimama kwa urefu wake wote. Kwa kuwa mbao zilisukumwa haraka, zilibaki pia na mawimbi madogo ya kukata nyuzi, kila wimbi likiwa na upana wa milimita mbili hivi. Mawimbi haya ni ya kawaida kwa mbao ya mashine. Macho hayayaoni mpaka mwanga uje kwa pembeni.

*Jumatano.* Mbao tano ziliunganishwa kwa gundi nyeupe na kubanwa kwa klampu. Gundi iliyotoka kwenye maungio ilifutwa papo hapo kwa kitambaa chenye maji mengi. Kitendo hicho huonekana cha usafi, lakini kiliiyeyusha gundi na kuisambaza ndani ya vitundu vya mbao, ukanda wa sentimita tatu hadi nne kila upande wa ungio.

*Alhamisi.* Fundi aliyepewa meza alitaka kuondoa ule mstari uliosimama pamoja na matone ya gundi kwa haraka. Alitumia grenda ndogo yenye diski ya msasa ya magamba, namba 60 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi). Kazi ilimchukua dakika 25. Baada ya hapo vijana wawili wakakabidhiwa uso wa meza wausugue kwa mkono. Ilikusudiwa waanze na msasa namba 120, lakini zilikuwa zimebaki karatasi mbili tu, nazo zikaishia kwenye miguu ya viti. Duka la karibu halikuwa na 120 siku hiyo. Fundi akaamua waende moja kwa moja kwenye 220, wasugue zaidi ili kufidia. Karatasi ilikunjwa mara tatu na kushikwa kwa vidole, bila kibao. Baada ya dakika 40 uso ulikuwa laini kama kigae. Kila aliyepitisha kiganja aliukubali.

*Ijumaa.* Steini ilipakwa kabla ya saa sita mchana, meza ikiwa nusu kivulini, nusu juani. Ndani ya dakika chache ikatokea michirizi ya duara, myeusi kuliko mbao, imesambaa uso mzima kama nyayo za kuku. Kando ya maungio kukabaki mabaka mepesi yasiyonywa rangi. Vichwani mwa mbao, pale nyuzi zilipokatwa, rangi ikawa karibu nyeusi. Na uso uliokuwa laini kama kigae ukawa na vinyweleo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulaumu steini, kwamba ilichanganywa vibaya. Wakaongeza mkono wa pili, mzito zaidi, ili kufunika. Michirizi ikazidi. Uamuzi wa pili ulikuwa kuharakisha sila, mikono miwili, kwa matumaini kwamba itajaza mikwaruzo. Sila ni angavu. Inajaza shimo lakini rangi iliyomo ndani ya shimo inaendelea kuonekana, tena inang'aa zaidi.

*Jumamosi.* Mteja alipoiona alisema neno moja: "Fundi, hii imeparuliwa na paka?" Hakuwa na namna nyingine. Aliichukua, akatandika kitambaa, wageni wakala. Jumatatu gari likairudisha karakanani pamoja na viti.

Kutambua kosa liko wapi

Fundi mkuu, ambaye wiki ile alikuwa kwenye kazi ya milango nje ya mji, ndiye aliyeichunguza. Hakugusa uso kwa mkono kwanza. Alisubiri jua lishuke, akaiweka tochi ya simu ubavuni mwa meza, usawa wa uso wenyewe, mwanga ukapita juu ya mbao kama jua la asubuhi juu ya matuta ya shamba. Kila kilichosimama kikatoa kivuli.

Alikuta makosa ya aina nne, na kila moja lina chanzo chake. Michirizi ya upinde, yenye urefu wa sentimita tano hadi nane, ni ya diski ya grenda. Mawimbi yaliyonyooka yakikata nyuzi, yenye nafasi sawa, ni ya visu vya mashine ya kuranda. Hayakuwahi kuondolewa, yalipakwa tu. Mabaka mepesi yanayofuata maungio ni gundi. Na mifereji mifupi miwili miwili, inayofuata nyuzi, ni ya vidole: kidole hubonyeza zaidi kuliko nafasi iliyo kati ya kidole na kidole, basi karatasi inachimba palipo na nyama.

Fundi wa kwanza alitetea kwamba 220 haikusuguliwa vya kutosha. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Dakika 40 za 220 zilikuwa nyingi mno, hazikuwa chache. Kosa lilikuwa nyuma yake.

Namba ya msasa, ile inayoandikwa nyuma ya karatasi baada ya herufi P, hupanda kadiri chembe zinavyokuwa ndogo. Chembe ya P60 ina wastani wa milimita 0.27 hivi. Ya P80 ni 0.20, ya P120 ni 0.125, ya P180 ni 0.08, na ya P220 ni kama 0.07. Chembe ya 220 ni robo ya ile ya 60. Inapopita juu ya mkwaruzo wa 60 inakata vilele tu. Ukipitisha kiganja, kiganja nacho kinateleza juu ya vilele hivyo hivyo vilivyolainishwa, hakishuki bondeni. Steini inashuka. Ndiyo sababu uso unaweza kuwa laini mkononi na ukawa umechakaa machoni.

Kila msasa una kazi moja: kufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia na kuacha ya kwake, midogo zaidi. Ukiruka hatua, 220 inapewa kazi ambayo haina meno ya kuifanya.

Maamuzi ya namna ya kurekebisha

Yalitolewa mapendekezo matatu. La kwanza, kupaka vanishi ya rangi nzito juu. Lilikataliwa kwa sababu lingeficha mninga kabisa na bado mawimbi yangeonekana penye mwanga wa dirisha. La pili, kuipeleka tena kwenye mashine ya kuranda. Uso wa sentimita 90 haupiti kwenye mashine ile, na randa ya mkono ingenyofoa nyuzi zinazopishana. La tatu, kuvua kila kitu na kusugua upya kwa mkono, hatua kwa hatua. Hilo ndilo lililochukuliwa, na mteja akaombwa siku nne.

Swali lililojadiliwa kwa muda mrefu lilikuwa la kuanzia namba ngapi. Kijana mmoja alipendekeza 60, kwani mikwaruzo yenyewe ni ya 60. Fundi mkuu alichagua 80, akitanguliza kikwangulio, kipande cha chuma chembamba cha kukwangulia mbao. Hoja yake ni nzuri: usianze na msasa mkali kuliko unavyohitajika, maana kila mkwaruzo unaouweka leo ni deni la kesho. Kikwangulio kingeondoa sehemu kubwa ya kina bila kuacha mikwaruzo mipya.

Kazi ya marudio

*Kuvua.* Sila ililainishwa kwa kitambaa kilicholowa thina, eneo la nusu mita kwa nusu mita kwa wakati mmoja, kisha ikakwanguliwa ingali laini. Kuvua sila kwa msasa mkavu ni hasara: inayeyuka kwa joto la msuguano, inaziba karatasi ndani ya dakika mbili. Kazi hii ilichukua dakika 40, nje ya paa, na jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani lilisogezwa kwanza. Mvuke wa thina hushika moto ukiwa mbali na chupa yake.

*Kukwangua.* Kikwangulio kilitengenezwa kwa kipande cha msumeno mkongwe, sentimita 12 kwa 6. Ukingo wake ulinyooshwa kwa tupa, kisha ukakunjwa kidogo kwa kuusugulia shina la bisibisi kwa nguvu. Kikishikwa kwa mikono miwili, kimepindwa kidogo kwa vidole gumba na kulazwa kuelekea mbele, kinatoa maranda membamba kama ganda la kitunguu. Kikianza kutoa unga badala ya maranda kimekufa makali, kinarudi kwenye tupa. Mabaka ya gundi yaliondoka hapa, na mawimbi ya mashine pia. Saa moja na nusu.

*Namba 80.* Kila karatasi, sentimita 23 kwa 28, ilichanwa vipande vinne kwa kuikandamizia kwenye ukingo wa blade ya msumeno wa chuma. Kibao cha kusugulia kilikuwa cha mbao laini, sentimita 11.5 kwa 7, unene 3, chini yake kumegundishwa mpira wa ndala. Mpira huo unafaa sana: unafanya karatasi iguse sawasawa, na chembe moja iliyosimama haichimbi peke yake. Usiwe mnene kupita milimita tano, la sivyo kibao kinafuata mabonde badala ya kuyafuta.

Uso wote ulichorwa kwa penseli mistari ya kupinda, kutoka kona hadi kona. Msasa ulikwenda kwa kufuata nyuzi, mikono miwili juu ya kibao, mpigo wa sentimita 30 hadi 40, kila mpigo ukipanda nusu ya uliotangulia. Penseli ikifutika yote, eneo hilo limepitiwa sawa. Lakini kuna alama nyingine waliyoipata bila kuitafuta, nayo ilikuwa bora kuliko penseli: steini ya zamani iliyokuwa imezama ndani ya mikwaruzo ya grenda. Kila uzi mweusi uliobaki ulikuwa mkwaruzo wa 60 unaosema bado upo. Vijana wakaambiwa wasihesabu dakika, wafuate weusi mpaka uishe. Waliokuwa wamezoea kusugua kwa kukisia waliona kwa macho yao muda ambao hatua ya kwanza hudai. Ilikuwa saa mbili na dakika 50 kwa uso wa meza peke yake, karatasi tatu nzima.

Jambo la karatasi lilileta ubishi. Kipande kimoja cha 80 juu ya mninga kilikuwa na makali kwa dakika 12 hadi 15. Baada ya hapo kinang'arisha tu. Vijana, kwa moyo wa kubana matumizi, walikuwa wakikitumia kwa nusu saa. Fundi mkuu alichukua kipande kipya na kile cha zamani, akasugua kila kimoja mipigo 20 pembeni kwa pembeni, akawaonyesha unga uliotoka. Kipya kilitoa kama mara tatu. Baada ya hapo vipande vilivyochoka viliwekwa kando kwa ajili ya kingo, ambako makali kidogo ndiyo yanayotakiwa.

*Namba 120 na 180.* Kabla ya kubadilisha namba uso ulipigwa brashi na kufutwa kwa kitambaa chenye thina kidogo. Hii si kwa ajili ya unadhifu. Chembe moja ya 80 iliyodondoka na kubaki juu ya meza, ikiingia chini ya karatasi ya 180, inachora mstari mmoja mrefu ambao utaonekana siku ya steini. Katika Dodoma ya mwezi wa tisa, mchanga wa upepo unafanya vile vile, kwa hiyo hatua za mwisho zilifanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia.

Kwa 120 mkono uliinamishwa kidogo upande mmoja wa nyuzi, mteremko mdogo tu. Mikwaruzo ya 80, iliyonyooka, ikaonekana tofauti na ya 120, ikafahamika lini imeisha. Kwa 180 mkono ulirudi kwenye mstari wa nyuzi kabisa. Saa moja na dakika 20, kisha dakika 45. Mwisho wa kila hatua, taa ya pembeni.

*Maji, kisha 220.* Kitambaa kilicholowa na kukamuliwa kilipitishwa juu ya uso wote. Vinyweleo vilivyolala vikasimama. Kwa hewa kavu ile, dakika 30 zilitosha kukauka. Msimu wa mvua zingehitajika saa kadhaa. Kisha 220 mpya ikapitishwa kwa wepesi, mipigo miwili au mitatu kila mahali, bila kukandamiza. Ukisugua sana hapa unachimba hadi nyuzi mpya ambazo nazo zitasimama steini ya maji ikifika. Vichwa vya mbao viliendelezwa hadi 320, ili vinywe rangi kidogo na vifanane na uso.

*Viti.* Hapa kazi ilikuwa ngumu kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha kuunganishwa. Pale kipingo, ule mti unaounganisha miguu, kinapokutana na mguu, nyuzi za kimoja zinakata za kingine. Kilisuguliwa kwanza kipingo, kisha selotepu ya karatasi ikabandikwa kwenye mstari wa ungio, ndipo mguu ukamaliziwa kwa urefu wake. Miguu ya mviringo ilipitishiwa msasa wa kitambaa uliochanwa kama mkanda, ukivutwa huku na huku kama anayeng'arisha kiatu. Njia hii ni ya haraka, ila inakata nyuzi. Ilitumika kwa 120 tu, kisha 180 ikapita kwa urefu wa mguu hadi michirizi ya mzunguko ikaisha.

*Steini, sila, vanishi.* Steini ilipakwa saa moja asubuhi, kivulini, na ziada kufutwa kabla haijakauka. Sila mikono miwili, katikati yake msasa wa 320 uliochakaa. Sila iliyokauka inatoa unga mweupe. Ikitoa vidonge vinavyong'ang'ania karatasi, haijawa tayari. Vanishi mikono miwili.

Matokeo

Mteja alipokea seti siku ya tano, siku moja baada ya ahadi. Aliikagua sebuleni kwake, dirisha likiwa upande wa kushoto, akaikubali. Uso wa meza peke yake ulichukua saa saba na nusu za marudio, ukilinganisha na saa moja na dakika tano za mara ya kwanza. Karatasi za msasa zilizotumika juu ya uso huo zilikuwa saba na nusu: tatu za 80, mbili za 120, moja na nusu ya 180, moja ya 220.

Si kila kitu kilipona. Karibu na kona moja grenda ilikuwa imezama milimita moja na nusu. Kulifuta bonde hilo kungemaanisha kushusha uso wote kwa kiasi hicho, kazi ya siku nyingine mbili na meza nyembamba zaidi. Waliamua kulitandaza: kusugua kuzunguka eneo la sentimita 40 ili mteremko uwe mrefu na usishike jicho. Mteja aliambiwa kabla hajauliza, na bei ikapunguzwa. Kuambiwa mapema kulisaidia kuliko punguzo.

Uchambuzi: kilichofaulu na kilichoshindwa

Grenda haikuwa kosa la bahati mbaya. Ilikuwa jibu la haraka kwa tatizo la mashine ya jirani. Kisu chenye pengo kingebadilishwa, ule mstari usingekuwepo na sababu ya kuchukua grenda isingekuwepo. Grenda ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika bila mzigo, na mzunguko wake kamwe haufuati nyuzi. Ni chombo cha chuma. Anayetaka mashine kwa ajili ya uso wa mbao atafute ile ya kusugua inayotikisika kwa mzunguko mdogo, aitumie kwa 80 na 120, na bado amalizie kwa mkono kwa kufuata nyuzi.

Kukosekana kwa 120 kulikuwa na jibu lililokuwa mezani: 100 na 150. Kutoka 60 unaweza kwenda 100, kisha 150, kisha 220. Namba kamili si amri. Kinachotakiwa ni kutoruka zaidi ya mara moja na nusu hivi, au kwa shida mara mbili, kutoka namba hadi namba. Fundi alijua kwamba hatua inaruka. Alichoamini ni kwamba nguvu itafidia. Haifidii.

Gundi ingeachwa igande kidogo hadi iwe kama mpira, ndani ya nusu saa hivi, kisha ikakwanguliwa kwa patasi. Hakuna maji. Ukaguzi wa gundi nao ni rahisi: pitisha thina au maji kabla ya steini, mahali penye gundi hapabadiliki rangi. Ukaguzi huo wa dakika tano ulirukwa Ijumaa, na huo ndio uliokuwa mlango wa mwisho wa kuokoa kazi kabla rangi haijagusa mbao. Mkono wa pili wa steini ulifunga mlango kabisa.

Katika marudio nako kulikuwa na kasoro mbili ambazo zingezuilika. Kingo za meza ziliachwa kali. Wakati wa kusugua sila kwa 320, ukingo ulichubuka hadi kwenye mbao, ukatokea mstari mweupe wa sentimita 60 uliobidi kutiwa rangi kwa brashi ndogo. Ukingo ukivunjwa mapema kwa msasa, duara la milimita moja na nusu tu, sila inashika vizuri na haikatiki kirahisi. Pia viti viwili vya mwisho havikupitishiwa maji kwa sababu ya muda. Vilitoka na vinyweleo baada ya steini, vikasuguliwa juu ya rangi, rangi ikapungua. Ukivipanga sita kwa mstari, jicho la fundi linavitambua.

Jambo moja zaidi, ambalo karakana nyingi hulipita kimya. Kijana aliyesugua zaidi alipiga chafya na kukohoa siku tatu, macho mekundu. Vumbi la mninga linajulikana kuwasha pua, kifua na ngozi, na vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Alikuwa amejifunga kipande cha kanga. Kanga huzuia maranda. Unga wa 180 na 220, ambao ndio unaofika ndani ya mapafu, unapenya. Barakoa ya N95 au FFP2, iliyobana puani, ilinunuliwa siku ya nne. Ilipaswa kununuliwa kabla ya msasa wa kwanza. Kikwangulio nacho kilisaidia bila kukusudiwa, kwa kuwa maranda hayaelei hewani.

Seti iliyofuata ya karakana hiyo, meza ya ukubwa ule ule, ilisuguliwa kabla ya viti kuunganishwa, na karatasi zilihesabiwa siku ya kununua mbao. Uso wake ulichukua saa tatu na dakika 50 kutoka randa hadi steini: dakika 20 za 220, dakika 40 za 180, saa moja na dakika 10 za 120. Saa moja na dakika 40 zilizobaki zote zilikwenda kwenye namba 80.